Nyumba Nafuu na Nyumba Inayofikika: Sheria ya Makazi kwa Watu Wenye Ulemavu Inataka Nini Hasa?

Kila inapotajwa sheria ya makazi kwa watu wenye ulemavu, iwe habari imetoka Dodoma, Nairobi au ng'ambo, mazungumzo kwenye baraza za Ngamiani, hapa Tanga mjini, na kwenye makundi ya simu hugawanyika mara moja. Wapo wanaoelewa kwamba serikali itajenga nyumba na kuzigawa bure. Wapo wanaodhani kinachotakiwa ni mteremko wa zege mbele ya mlango, na kazi imekwisha. Wapo pia wanaopata picha ya kambi, yaani eneo la pembezoni mwa mji ambako watu wenye ulemavu watakusanywa, wakae pamoja na kuletewa msaada. Fasiri zote tatu zimepotoka, lakini kila moja imeshika kipande kidogo cha jambo lenyewe, na ndiyo maana zinadumu.

Tuanze na wahusika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, hauutazami ulemavu kama kasoro iliyomo mwilini peke yake. Unautazama kama hali inayotokea pale mtu mwenye upungufu wa muda mrefu wa viungo, wa hisi, wa akili au wa afya ya akili anapokutana na vikwazo ambavyo jamii imeviweka au imeviacha. Kwa mtazamo huo, anayetumia kiti mwendo hakuwa na shida yoyote ya kuingia ndani mpaka pale fundi alipojenga ngazi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba takribani asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Hapo bado hatujamhesabu bibi ambaye hajiiti mwenye ulemavu ingawa miaka mingi hajapanda ngazi, wala kijana aliyevunjika paja kwenye ajali ya bodaboda na anayetakiwa kutumia magongo kwa miezi kadhaa.

Sasa maneno mawili ambayo ndiyo moyo wa sheria yoyote ya aina hii. Nyumba inayofikika ni ile ambayo mtu anaweza kuifikia kutoka barabarani, kuingia, kuzunguka ndani, kutumia choo, bafu na jiko, na kutoka kwa haraka ikitokea hatari, bila kubebwa na bila kumsubiri mtu. Nyumba nafuu ni ile ambayo gharama zake hazimlazimishi mkaaji kupunguza chakula, dawa au ada ya watoto. Kipimo kinachotumika sana, hasa Marekani, ni kwamba gharama za makazi zisizidi asilimia 30 ya kipato cha kaya. Maneno haya huandamana katika vichwa vya habari hata yakaonekana ni kitu kimoja, ilhali hali ilivyo ni kama mlango wenye kufuli mbili tofauti: anayekupa ufunguo wa kufuli moja, hata akiutoa kwa moyo mweupe, bado amekuacha nje. Nyumba pana za Raskazone zina milango mipana na vyoo vya ndani, lakini kodi yake ya pango si ya mtu anayeuza vocha na maji ya kunywa. Chumba cha Makorora kodi yake inalipika, lakini choo kiko uani, ng'ambo ya mchanga, ngazi na mlango mwembamba.

Baraza, kizingiti na choo cha uani

Kuielewa kufuli ya kwanza, ile ya kufikika, hakuhitaji kwenda mbali, kwa sababu nyumba ya Kiswahili ya Tanga yenyewe inatosha kuwa somo. Mbele kuna baraza iliyoinuliwa, watu wapate pa kukaa na maji ya masika yasiingie ndani. Katika mlango kuna kizingiti. Ndani kuna ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi kuna mlango wa kutokea uani, ambako kuna jiko, karo, bafu na choo. Hakuna aliyejenga hivi kwa nia ya kumzuia mtu, na kwa kweli ni umbo lenye hekima yake, lakini lilipangwa kwa mtu anayetembea.

Chukua baraza yenye kimo cha sentimita 45. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni kwamba mteremko wa kiti mwendo, ambao mafundi wengi huuita rampu, uwe na uwiano wa 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Baraza hiyo basi inahitaji mteremko wenye urefu wa mita 5.4, mbali na sehemu tambarare ya kupumzikia juu na chini. Ukiuelekeza mbele, katika mitaa mingi ya Ngamiani utakuwa umefika barabarani. Hii ndiyo sababu miteremko mingi tunayoiona mjini, hata kwenye majengo ya ofisi, ni mikali kupita kiasi: imejengwa ili ionekane ipo, na mtu anayejaribu kuipanda peke yake kwa kiti mwendo anaweza kurudi kinyumenyume. Ufumbuzi wake unajulikana. Mteremko unaweza kulazwa sambamba na ukuta badala ya kuelekezwa barabarani, au mlango wa uani ukafanywa njia ya kuingilia, kwa kuwa mara nyingi huko sakafu iko karibu na usawa wa ardhi.

Mteremko, hata hivyo, ni mwanzo tu. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, na mikono inayokisukuma inahitaji nafasi yake pembeni, kwa hiyo uwazi wa mlango usipungue sentimita 80. Milango ya vyumba vyetu mingi inakaribia hapo; mlango wa choo ndio unaoshindwa, kwa sababu fundi hupewa mabaki ya nafasi na mabaki ya mbao. Ndani ya choo kunahitajika mahali pa kugeuza kiti, ambapo vipimo vya Marekani vinataka duara lenye kipenyo cha takribani mita 1.5, pamoja na vyuma vya kujishikia ukutani. Choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho kilichozoeleka, hakiwezi kutumiwa na mtu ambaye magoti hayakunji. Niseme wazi kwamba kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu cha kurekebisha katika nyumba za Tanga, ningeuacha mteremko na kuchagua choo, kwa sababu majirani watakubeba kuvuka baraza asubuhi na jioni, lakini hakuna mtu mzima anayefaa kuishi kwa kuomba kupelekwa chooni.

Kufikika kuna sura nyingine ambazo vipimo vya zege havizioni. Asiyeona hahitaji mteremko. Anahitaji mtaro mbele ya nyumba uwe na mfuniko, ngazi ziwe na kimo kimoja, madirisha yasifungukie kwenye njia kwa kimo cha kichwa chake, na vitu vya uani visihamishwe kila siku. Kiziwi anahitaji taa inayowaka mlango unapobishwa au kengele ya moto inapolia. Mwenye ualbino anahitaji kivuli katika uwanja wa kufanyia kazi za nyumbani, mwanga usiomchoma macho, na mlango wenye komeo la kuaminika, jambo ambalo kwa historia ya mashambulizi yaliyotokea nchini si anasa. Mwenye ulemavu wa akili au wa afya ya akili mara nyingi hana shida na jengo lenyewe. Shida yake ni mwenye nyumba anayesema chumba kimeshachukuliwa, ilhali jana yake dalali alikuwa anakitangaza.

Kuhusu gharama, imani iliyoenea ni kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Imani hiyo ni ya kweli kwa nyumba iliyokwisha kujengwa na si ya kweli kwa nyumba ambayo bado iko kwenye karatasi. Kutanua mlango wa choo kabla ya kunyanyua ukuta kunapunguza tofali na kuongeza kidogo fremu na lenta. Kuutanua baada ya miaka 10 kunataka kubomoa, kupiga plasta upya na kununua mlango mwingine. Kuamua kimo cha jamvi, yaani sakafu ya zege, siku ya kumwaga msingi hakugharimu kitu zaidi ya kufikiri. Wataalamu huita njia hii ubunifu kwa wote, yaani kujenga tangu mwanzo kitu kitakachotumiwa na watu wengi iwezekanavyo bila kuhitaji marekebisho ya baadaye. Marekebisho anayofanyiwa mtu mmoja mahususi kulingana na hali yake huitwa marekebisho stahiki, na sharti lake ni kwamba yasimtwishe anayeyafanya mzigo usio na uwiano.

Kodi ya pango ni sehemu tu ya gharama

Kufuli ya pili, ile ya unafuu, inapimwa vibaya kuliko ya kwanza, kwa sababu watu hutazama kodi ya pango peke yake. Fikiria mfano huu, ambao tarakimu zake ni za kuelezea tu. Mshonaji viatu anayetumia kiti mwendo anafanya kazi karibu na soko la Mgandini. Dalali anampatia chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi upande wa Kange na kingine cha shilingi 70,000 palepale Ngamiani. Kwa mpangaji mwingine, cha Kange ndicho nafuu. Lakini mshonaji wetu hawezi kupanda daladala, ambazo ngazi zake ziko juu na makondakta wake hawana subira na kiti cha kukunja, hivyo anakodi bajaji kwa shilingi 3,000 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 za kazi amelipa shilingi 78,000 za usafiri, na chumba cha shilingi 40,000 kimegeuka kuwa cha shilingi 118,000. Ongeza malipo ya kijana wa kuchota maji kama bomba liko mbali, na desturi ya kudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo pamoja na ujira wa dalali, utaona kwa nini wengi hubaki kwenye nyumba ya familia hata pale wanapotamani kujitegemea.

Nyumba ya familia nayo ina habari yake. Nyumba nyingi za kale za Tanga ni mali ya urithi yenye warithi wengi, na ndugu mwenye ulemavu ndiye mara nyingi anayebaki ndani wakati wengine wameolewa au wamehamia Dar es Salaam. Siku warithi wakiamua kuuza ili kila mmoja apate fungu lake, fungu lake yeye litakuwa halali kwa sheria na kwa dini, lakini halitamnunulia nyumba nyingine, achilia mbali nyumba ambayo choo chake anakijua. Sijaona mjadala wa sheria za makazi ukilishughulikia jambo hili ipasavyo, na naona ni pengo.

Sheria zetu zimefika wapi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatambua haki ya kumiliki mali katika ibara ya 24, na katika ibara ya 11 inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Haki ya nyumba haikutajwa kwa jina, na ibara ya 11 iko katika sehemu ambayo Katiba yenyewe, kupitia ibara ya 7, imesema haiwezi kutumiwa kufungulia kesi mahakamani. Jirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine mwaka 2010, walipoandika katika ibara ya 43 ya Katiba yao kwamba kila mtu ana haki ya nyumba inayofikika na ya kutosha.

Mkataba ule wa Umoja wa Mataifa unagusa makazi katika ibara tatu. Ya 9 inahusu kufikika kwa mazingira, zikiwamo nyumba. Ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu achague mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao kama wengine, wala asilazimishwe kuishi katika mpangilio maalumu wa makazi. Ya 28 inazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wananufaika na mipango ya nyumba za umma. Kwa mfumo wetu, mkataba wa kimataifa haupati nguvu ndani ya nchi mpaka Bunge litunge sheria, na sheria hiyo kwa upande wa Tanzania Bara ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010.

Sheria hiyo inakataza ubaguzi, inatambua haki ya kuyafikia majengo na huduma za umma, inaanzisha Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu na kuweka kamati kuanzia ngazi za chini. Katika ajira ilikwenda mbali zaidi kwa kuweka kipimo kinachohesabika: mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Kwa nyumba ya kuishi haikuweka kipimo cha namna hiyo. Mkaguzi anaweza kuingia kiwandani Pongwe akahesabu wafanyakazi. Hakuna anayeweza kuingia kwenye mradi wa nyumba akasema idadi fulani imekosekana, kwa sababu idadi haikuandikwa.

Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, huchukuliwa na wengi kama jawabu. Tanga lina majengo yake katikati ya jiji, na mengi kati ya hayo hayakujengwa na shirika. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 ofisi hiyo ikaunganishwa na Shirika la Nyumba. Ndiyo maana utakuta ghorofa za zamani zenye maduka chini, makazi juu, ngazi zenye mteremko mkali na hakuna lifti. Kumpa mtu mwenye ulemavu nafasi ya kwanza katika orodha ya wapangaji wa jengo kama hilo ni kumpa ufunguo wa kufuli moja.

Wengine walivyofanya

Nchi zilizosonga mbele hazikutegemea sheria moja. Marekani, ambako miswada ya kuongeza nyumba za namna hii hupelekwa bungeni mara kwa mara na kuleta hizo habari tunazozipokea nusunusu, ina angalau aina tatu za sheria zinazofanya kazi pamoja. Aina ya kwanza ni viwango vya ujenzi: marekebisho ya mwaka 1988 ya sheria ya kuzuia ubaguzi wa makazi yaliagiza kwamba majengo yenye nyumba nne au zaidi yanayoanza kukaliwa baada ya tarehe 13 Machi 1991 yawe na milango, njia, mabafu na majiko yanayotumika na mtu wa kiti mwendo, katika nyumba zote kama jengo lina lifti na katika nyumba za chini kama halina. Sheria hiyohiyo inamzuia mwenye nyumba kumkatalia mpangaji mwenye ulemavu kufanya marekebisho ya lazima, ingawa kwa nyumba za watu binafsi mpangaji ndiye anayelipia.

Aina ya pili ni mgao. Chini ya Sheria ya Utengamao ya mwaka 1973 na kanuni zake, miradi mipya ya nyumba inayojengwa kwa msaada wa fedha za serikali kuu hutenga angalau asilimia 5 ya nyumba kwa wenye ulemavu wa viungo na asilimia 2 kwa wasioona au wasiosikia. Aina ya tatu ni fedha. Tangu mwaka 1986 mjenzi anayekubali kupangisha kwa watu wa kipato cha chini kwa bei iliyowekewa kikomo hupunguziwa kodi ya mapato anayodaiwa na serikali. Sehemu kubwa ya mabishano ya sasa nchini humo iko hapo: nafuu ya kodi imezalisha nyumba nyingi za bei ya chini, lakini zinazofikika bado ni chache, kwa hiyo wabunge fulani wanapendekeza anayejenga zinazofikika kwa wingi apate nafuu kubwa zaidi. Anayesoma kichwa cha habari kisemacho sheria ya nyumba kwa watu wenye ulemavu na kufikiri kuna watu wanapewa funguo barabarani, anazungumzia kitu ambacho muswada haukukitaja.

Uingereza ilitazama upande ambao nadhani unatufaa zaidi. Tangu mwaka 1999 kanuni za ujenzi za England na Wales zinataka nyumba mpya ziwe na njia ya kuingilia isiyo na ngazi pale eneo linaporuhusu, na choo katika sakafu ya chini, hata kama anayejenga hana ndugu mwenye ulemavu. Kwa nyumba kuukuu, England hutoa ruzuku ya marekebisho inayofikia pauni 30,000 kwa ombi moja, baada ya kupima hitaji na, kwa watu wazima, kipato.

Haki si sawa na bure

Hofu kwamba kuitambua haki ya nyumba kutaifilisi serikali ilishajibiwa na Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini mwaka 2000 katika kesi iliyofunguliwa na wakazi waliofukuzwa kwenye kiwanja walichokuwa wamejisitiri, maarufu kwa jina la Grootboom. Katiba ya nchi hiyo inatambua haki ya kupata makazi ya kutosha. Mahakama haikusema kila mwombaji apewe nyumba siku hiyo. Ilisema serikali inapaswa kuwa na mpango wa maana, unaotekelezwa hatua kwa hatua kwa kadiri ya rasilimali zilizopo, na kwamba mpango unaowasahau wenye shida kubwa kabisa si mpango wa maana. Kitu kisichongoja rasilimali ni kutobagua: kumkatalia mtu chumba kwa sababu ya kifafa chake hakuhitaji bajeti ili kuachwa.

Hapa kwetu kuna mkanganyiko mwingine wa fedha. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na sharti hilo limekuwa ndani ya sheria tangu mwaka 2018. Watu husema hiyo asilimia 2 ni ya nyumba. Ni mtaji wa shughuli za kuingiza kipato, wala si fedha ya kujengea au kulipia pango, ingawa biashara ikistawi kodi italipika.

Kuhusu kambi, ibara ya 19 niliyoitaja inatosha kufunga mjadala. Lengo ni chumba kinachofikika katika mtaa uleule wenye soko, msikiti, kanisa, zahanati na jamaa.

Chumba cha kupanga ndicho kilichosahaulika

Baada ya kuyapitia haya yote, naona jambo moja limeachwa nyuma na karibu kila sheria inayozungumzwa. Watu wenye ulemavu wengi wa mjini Tanga hawaishi katika nyumba za mashirika wala hawategemei kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Wanaishi katika chumba cha kupanga kwenye nyumba ya mtu binafsi, au katika nyumba ya familia. Sheria iliyodhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mpangaji wanaelewana wenyewe, mara nyingi kwa mkataba wa ukurasa mmoja au kwa mdomo. Sheria yoyote ya kuongeza nyumba nafuu na zinazofikika isiyougusa uhusiano huo itajenga nyumba za mfano na kuwaacha watu walewale uani kwa watu walewale.

Si lazima kuanza na Bunge. Anayejenga mjini anatakiwa kuwa na kibali cha ujenzi, na ramani yake hupitiwa na wataalamu wa halmashauri kabla ya kibali kutolewa. Ni kweli nyumba nyingi hujengwa bila kibali, na kweli hiyo inapunguza nguvu ya ninachokisema, lakini haiondoi kwamba hapo ndipo mahali pekee ambapo serikali hukutana na nyumba kabla haijawa tofali. Sharti linaweza kuwa dogo: anayejenga nyumba ya kupangisha vyumba aweke angalau chumba kimoja kisicho na ngazi, na choo ambacho mlango wake una uwazi wa sentimita 80 na nafasi ya kugeuza kiti. Kwa nyumba zilizopo, halmashauri inaweza kumpunguzia ada fulani mwenye nyumba anayerekebisha choo, badala ya kumtisha kwa faini atakayoihamishia kwenye kodi ya mpangaji.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya jiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuridhiwa na waziri mwenye dhamana. Diwani anayetaka kulianzisha jambo hili anahitaji kukaa na mwanasheria wa jiji, mhandisi na afisa ustawi wa jamii, na kabla ya rasimu kuandikwa awaite CHAWATA (Chama cha Walemavu Tanzania), chama cha wasioona, chama cha viziwi na chama cha watu wenye ualbino, kwa sababu upana wa mlango mhandisi ataukadiria mwenyewe, lakini taa ya kengele, mfuniko wa mtaro na komeo la mlango hataviweka kwenye ramani asipoambiwa na wanaovihitaji.